Nilivyopiga Honi ya Harusi Msibani

Leo nimejivua nguo hadharani. (Si nguo za kitambaa, tulieni. Ni ile heshima niliyoijenga hapa Doha kwa miaka minne, shati limepigwa pasi kila asubuhi, viatu vinang'aa.) Heshima hiyo leo imeanguka, na sikusukumwa na mtu. Mkono ni wangu, honi niliibonyeza mwenyewe.

Kwa msionijua: mimi ni Athumani wa Muheza, dereva wa familia moja huku mtaa wa Abu Hamour. Kazi yangu hasa ni kumwendesha bibi wa nyumba, mama mzazi wa bosi. Tunamwita Yumma, kama wanawe wanavyomwita, yaani mama. Umri unakaribia themanini, anatembelea fimbo, na ana macho yanayoona hata ulichofikiria jana.

Sasa, wiki hii familia yangu yote iko barabarani Marekani. Yote, kasoro mimi. Dada yangu Mwanaidi ni muuguzi mji wa Saint Paul. Mumewe, shemeji Rashidi, amekodi gari la watu saba. Wamempakia mama yetu, aliyekwenda kuwatembelea, wamepakia na watoto, wanateremka mji kwa mji mpaka Columbus, Ohio, kwenye mahafali ya mdogo wetu wa mwisho, Bakari. Jumapili anavaa joho! Huyo Bakari, baba alipofariki, ndiye niliyembeba mgongoni siku yake ya kwanza ya shule. Alilia njia nzima, tulipofika getini akanitapikia uji shingoni. (Msomi wa leo huyo. Mkimpongeza, mkumbuke na uji.)

Mimi likizo yangu haijafika. Viza ya Marekani nayo ni hadithi nyingine, tuiache ilale.

Mama alipokuwa anakwenda, ndege yake ilipitia hapa hapa Doha. Saa tatu nzima alikuwa uwanjani. Mimi nikaomba ruhusa, nikaenda mbio. Lakini abiria wa kupita hatoki, na mimi siingii. Nikasimama nje kwenye maegesho, simu sikioni.

"Athu, uko upande gani?"

"Niko nje, mama. Wewe uko wapi?"

"Niko ndani. Kuna duka la manukato. Nakupungia mkono."

"Na mimi nakupungia."

Tukapungiana hivyo, kila mtu akiupungia ukuta wake. Mhindi mmoja aliyekuwa anapakia masanduku akadhani namwita, akaja.

Basi safari hii ya gari ilipopangwa, mama akatoa amri. "Msafara wa furaha una gari la mbele na gari la nyuma," akasema kwenye simu. "Athu ndiye gari letu la nyuma. Tukifika kila mji mimi napiga kigelegele, yeye anapiga honi huko huko aliko." Watoto wa dada wakashangilia. Shemeji akasema imepita. Mimi nikacheka, nikasema sawa mama, mambo ya kitoto hayo. Nilipokata simu nikakaa kitandani muda mrefu nimeishika mkononi.

Jana walipoondoka Saint Paul nilikuwa nawatoa watoto wa bosi shule, nikaikosa. Mama alipiga kigelegele peke yake. Sauti ya dada kwenye ujumbe: "Athu, mama kanyong'onyea, anasema gari la nyuma limepata pancha." Nikaapa. Leo sikosi hata mji mmoja!

Saa nane mchana kwetu, kwao alfajiri, simu ikaita. Wanaondoka Madison, walikolala. Nilikuwa uani nafuta gari. Nikaingia haraka, nikaona sura ya mama imejaa skrini, mtandio wa kijani, pua karibu na kamera kama kawaida yake.

"Tunatoka, baba! Uko tayari?"

"Niko tayari, mama."

Akapiga kigelegele. Nikapiga honi. Pii! Moja tu, ya adabu.

Nilisahau kitu kimoja. Saa nane mchana Doha, mwezi wa tano, jua la kukaangia yai, kila mtu amelala. Pazia la juu likafunguka. Madamu, mke wa bosi, akachungulia nywele zimesimama.

"Athuman! Kuna nini?"

"Samahani, madamu. Nilikuwa nafuta usukani, nikaigusa honi."

(Uongo wa kwanza. Hesabuni.)

Saa tisa na nusu, Milwaukee. Wakati huo nilikuwa kituo cha mafuta, nimetumwa nijaze kabla ya kumpeleka Yumma msibani. Mzee mmoja, rafiki wa zamani wa marehemu mumewe, alikuwa amefariki juzi, na leo ilikuwa siku ya pili ya rambirambi. Niko kwenye foleni, simu ikaita. Wamesimama kunywa chai. Mama akageuza kamera, akanionyesha ndani ya gari.

"Unakiona kiti hicho cha dirishani?"

Nikakiona. Juu yake kulikuwa na mkoba wake na chupa ya chai, vimefungwa mkanda wa kiti kama mtu.

"Watoto wanakigombania tangu jana. Nimewaambia hicho ni cha mjomba wenu. Hakikaliwi."

Jamani. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane. Nilitazama dashibodi, nikatazama kipimo cha mafuta, nikatazama kila kitu isipokuwa hiyo simu.

"Haya piga, baba, tumefika Milwaukee!"

Nikapiga mbili. Pii! Pii! Kijana wa Kinepali wa pampu akadhani namharakisha, akaacha gari la mbele yangu pua ya pampu ikiwa ndani, akaja mbio anaomba radhi. Mwenye gari la mbele akateremka kuuliza kwa nini ameachwa. Nikawaomba radhi wote wawili. Hapo nilitakiwa kuelewa. Mwenye akili angeelewa.

Sikuelewa.

Baada ya sala ya alasiri nikampeleka Yumma. Nyumba ya marehemu ni kubwa, na mbele yake wamepiga hema refu la wanaume, mazulia, viti vya kuegemea, watu wanaingia na kutoka kimyakimya. Wanawake wako ndani. Nikamshusha Yumma mlangoni, nikapata nafasi ya kuegesha karibu kabisa na hema. Nikajipongeza, maana mguu wa Yumma unamsumbua na sikutaka atembee. (Nafasi nzuri! Mstari wa mbele!)

Nikamkuta Kamau, dereva mwenzangu, Mkenya wa Nakuru, anaendesha familia jirani. Tukaegemea ukutani kwenye kivuli. Nikamsimulia habari za msafara, kiti cha dirishani, kila kitu. Kamau ni mtu wa mzaha, lakini alisikiliza hadi mwisho.

"Manze," akasema, "mimi mathangu, yaani mamangu, sijamwona miaka mitatu. Lakini usijaribu hiyo honi hapa. Hapa ni matanga, buda."

"Kamau, unaniona mtoto?"

"Nakuambia tu."

Saa kumi na mbili kasoro kidogo simu ikaita. Nikaingia kwenye gari, nikafunga mlango, nikapandisha vioo. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, injini inanguruma taratibu. Mpango wangu ulikuwa safi kabisa: niwaone, nimwambie mama niko msibani, honi leo hapana. Simu ikajiunga yenyewe na spika za gari, kama inavyofanya kila siku. Sikujali. Vioo vimefungwa.

"Athuuu!" Ni dada. "Tunaingia Chicago! Tazama!"

Akageuza simu kwenye kioo cha mbele. Nikaona barabara pana, magari mengi, na mbali, ndani ya ukungu wa asubuhi, maghorofa yamesimama kama watu wanaosubiri mgeni. Shemeji anaimba ovyo. Watoto wanahesabu maghorofa, mmoja kafika thelathini, mwingine anabisha. Na mama amenyamaza. Mama yangu, ambaye hanyamazi hata akiwa amelala, amenyamaza! Halafu akasema polepole:

"Baba yenu angeyaona haya."

Gari zima la Chicago likatulia. Na gari langu la Doha likatulia.

Kisha akavuta pumzi. "Haya. Leo hakuna kulia. Athu, baba, piga! Piga ile ya harusi!"

Mdomo ulitaka kusema mama, niko msibani. Nawaapia, maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mama akaanza kigelegele, kile chake kirefu kinachopanda, kinachozunguka, kinachoshuka, kile alichonipigia nilipopata leseni ya udereva mtaa mzima ukatoka nje. Dada akadakia. Watoto wakadakia. Mimi nikafumba macho, na mkono ukaenda wenyewe.

Pii-pii! Pi-pi-piii! Pii-pii! Pi-pi-piii!

Ile ya harusi. Kamili. Bila kukosea pigo. Nilikuwa nalia, nacheka, napiga. Kwa dakika moja hivi nilikuwa nimekaa dirishani, naona maghorofa, chupa ya chai miguuni. Mjue na hili: dakika hiyo siirudishi, hata mnicheke mwaka mzima.

Nikahisi joto. Joto la Doha, shavuni, kutoka nyuma.

Nikafumbua macho.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Yumma alikuwa ametoka mapema, mguu umemsumbua, na Kamau, kwa wema wake, alipoona siko nje ya gari akakimbia kumfungulia. Kwa hiyo Kamau ameshika mlango, Yumma amesimama na fimbo yake na baibui lake jeusi, na vigelegele vya ukoo mzima wa Muheza vinamwagika barabarani kwa spika nane za gari la kifahari. Mbele yangu, hema lote limesimama. Wazee, vijana, mtu mwenye birika la kahawa mkononi amelishika hewani hamimini wala hashushi. Wote wananitazama.

Kamau, mdomo pembeni: "Si nilikushow?"

Nikaruka kuzima. Skrini ya gari hili ina alama kama za rubani. Nikabonyeza ya kwanza: sauti ikapanda. Nikabonyeza ya pili: ikapanda tena. Nikavuta kitu pembeni ya usukani: waipa zikaanza kufagia kioo kikavu, krrr, krrr, na maji yakaruka juu ya gari yakamfikia mtu aliyekuwa anapita na kanzu nyeupe. Na hapo hapo, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Industrial Area nje ya mji, mama yangu akasema:

"Athu! Mbona umenyamaza? Piga tena, baba, bi harusi hajatoka!"

(Hakuna bi harusi. Ni mzaha wake wa siku zote. Lakini nenda kalieleze hema hilo.)

Nikazima injini. Ndiyo ikawa kimya. Kimya kile, afadhali vigelegele.

Kijana mmoja wa wafiwa akaja amekunja uso, akaniuliza kwa Kiarabu kama nina wazimu. Yumma akanyanyua fimbo kidogo, kijana akanyamaza. Kisha akaniambia mimi, kwa kile Kiarabu chake cha polepole anachoniwekea akiba:

"Teremka. Nenda ukawape mkono."

"Yumma, tafadhali..."

"Nenda."

Nikaenda. Hatua ishirini, nilizihesabu. Njiani nikawa nakariri maneno ya rambirambi, ninayajua vizuri, nimeyasema misiba mingi: Adhamallahu ajrakum. Adhamallahu ajrakum. Nikaingia hemani, viatu nimevivulia mbali, soksi moja ina tundu. (Bila shaka!) Nikafika kwa mtoto mkubwa wa marehemu, mtu wa makamo, ndevu zimeingia mvi, macho mekundu. Akanipa mkono. Nikaushika kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, na kwa sauti ya heshima, iliyosikika vizuri, nikasema:

"Mabruk."

Hongera.

Nilimwambia mfiwa hongera.

Sijui niwaelezeje. Wiki nzima kichwani mwangu hakuna neno jingine isipokuwa hongera, hongera Bakari, hongera mama. Lilikuwa mlangoni, likatoka la kwanza. Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Nikataka zulia linimeze, lakini mazulia ya huku ni mazito.

Yule bwana hakuuachia mkono wangu. Akanitazama. Kisha akachukua ncha ya kilemba chake cheupe, akajifunika uso nayo, na mabega yakaanza kutikisika. Mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka. Nilisimama pale mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake, nikasema yale maneno sahihi mara tatu. Mwishowe akafuta macho, akaniuliza:

"Nani alikuwa anapiga vigelegele?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Chicago, bwana. Ndiyo kwanza amefika."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa."

Akatikisa kichwa. Akamwita yule wa birika, nikamiminiwa kahawa. Nikainywa nimekaa kati ya wazee wawili wasionijua, na mmoja wao akanisogezea sahani ya tende.

Niliporudi kwenye gari Yumma alikuwa ameshaketi, Kamau amemwashia kiyoyozi. Nikaendesha. Nikapita taa ya kwanza. Nikapita mzunguko wa kwanza. Nikawa naona kwenye mawazo sanduku langu, tiketi, Muheza.

"Mama yako hajakuona miaka mingapi?" akauliza ghafla.

"Minne, Yumma."

"Ana sauti nzuri." Akatazama dirishani. "Simamisha pale. Mpigie."

Nikasimama mbele ya duka moja la mikate, nikapiga. Mama akatokea, pua kwenye kamera, ananitafuta. Nikampa Yumma simu. Wakatazamana. Mama hajui Kiarabu cha mazungumzo, Yumma hajui Kiswahili hata cha kuombea maji.

"Alhamdulillah," akasema mama.

"Alhamdulillah," akasema Yumma.

Wakaendelea hivyo dakika tatu nzima, alhamdulillah za kila aina, za kuuliza na za kujibu, mpaka zikafika za kucheka. Kisha mama akaanza kusema Kiswahili polepole sana, akiamini kwamba ukikisema polepole kinageuka Kiarabu:

"Ni-tu-nzi-e. Huyu ni mtoto wangu. Anajifanya mgumu, lakini ni mwoga wa radi. Akiumwa hasemi. Mwangalie machoni, utajua."

"Inshallah," akajibu Yumma, kwa uzito wote, kana kwamba ameapishwa.

Halafu akanigeukia. "Amesema nini?"

Nilitakiwa kutafsiri. Ndiyo kazi ya mtu anayejua lugha mbili. Nikatazama mbele, nikaona duka la mikate limeyeyuka lote, taa zake na mikate yake.

"Anakusalimu, Yumma," nikasema.

(Uongo wa pili.)

Basi ndiyo hivyo, ndugu zangu. Kina mama leo wanalala Chicago. Kesho wanaondoka asubuhi, na jioni ya kwetu, saa kumi na mbili, wanaingia Indianapolis. Kesho pia ni siku ya tatu ya msiba, na Yumma ameshaniambia tunarudi, tena saa hiyo hiyo, na tena niegeshe karibu kwa sababu ya mguu wake. Kamau anasema atafika mapema, kashachaji simu ili anirekodi. Msicheke. Niombeeni.